Nilivyowafufua Wakulima wa Kahawa kwa Mstari Mmoja

Mjukuu wangu anayesomea kompyuta ananiambia siku hizi kufuta kipande cha maneno ndani ya maandishi ni kazi ya mstari mmoja tu. Namjibu kwamba hata zamani zetu ilikuwa mstari mmoja. Urefu wa mstari haujawahi kuniumiza. Aliyeniumiza ni mtu aliyeuandika, na mtu huyo kila mara nilikuwa mimi.

Basi nyinyi vijana mnaoketi mbele ya mashine hizi, nawaandikia nikiwa mzima, macho yangu yakisaidiwa na miwani, na ninamshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa riziki ya halali kwa kubonyeza vitufe kwa zaidi ya miaka ishirini bila kunifukuzisha kazi. Walionifahamu kazini wanajua kwamba hilo la kutofukuzwa ni jambo la kushukuru kwelikweli.

Jina langu Hamisi. Nilizaliwa Kondoa, nikakaa madrasa miaka tisa na shule ya serikali miaka saba. Nikaja Tunduma, mpakani, kumfuata mjomba aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo. Nilikuja kupiga taipureta. Kwa taipureta, kufuta neno ni kazi ya mkono. Unachukua wembe, unakwangua taratibu, unapuliza, unakwangua tena, na ukizidisha unatoboa karatasi ukaiona meza. Lakini ukifuta neno moja unajua umefuta neno moja.

Kompyuta ilipofika ofisini, mjomba aliifunika kitambaa kama maiti, akaniambia, "Hamisi, wewe ndiye msomi." Nilikuwa nimevuka miaka arobaini. Nikajifunza kwa kitabu kilichopungua kurasa za mwanzo, kwa hiyo hadi leo sijui kitabu kile kilianza kwa kusema nini, na inawezekana onyo lote lilikuwa huko.

Amri ya kufuta kipande ilitaka vitu vitatu. Kwanza maandishi yenyewe. Pili kipande unachokitafuta. Tatu kipande cha kuweka mahali pake. Ukitaka kufuta tu, hicho cha tatu unakiacha kitupu: alama mbili za kunukuu zimegusana, katikati hamna kitu. Nilipoielewa nilikaa nikaitazama kwa muda. Niliona ajabu kwamba hata utupu unaandikwa, na kwamba mashine inaupokea na kuutendea kazi bila kuuliza swali.

Kazi ya kwanza niliyoifanya kwa amri hiyo ilikuwa orodha ya madereva. Madereva wetu waliandikwa wawiliwawili, yaani JUMA NA SAIDI, na mbele yao mji wanaokwenda. Mjomba akataka ile NA itoke. Nikaiagiza mashine ifute NA popote itakapoikuta. Ikafuta popote. Mji wa Nakonde, ambao ukisimama Tunduma unauona ng'ambo kwa macho, ukawa KONDE. Dereva wetu Nassoro akawa SSORO.

Nassoro alirudi jioni na karatasi mkononi. "Mzee Hamisi, wale wa ng'ambo wananiuliza Konde ni wapi. Nami nawauliza Ssoro ni nani. Tumeshinda tunaulizana."

Nyuma yake alikuja wakala wa Kizambia, mtu mpole, akaniita kwa heshima yao. "Ba Hamisi, hii Konde mmeijenga lini? Nataka kiwanja."

Kwa hiyo shikeni hili mapema: kipande unachokifuta kinaweza kuwa kimelala ndani ya neno lingine lisilo na hatia. Weka nafasi kushoto na kulia kwake unapokitafuta. Kumbuka pia kwamba mashine nyingi zinatofautisha herufi kubwa na ndogo. Na ukishafuta, angalia nafasi zilizobaki, maana kipande kikitoka katikati ya maneno mawili, nafasi mbili hubaki zikitazamana. Haya niliyajua vizuri sana nilipofanya kosa ninalotaka kuwaeleza. Elimu haikunisaidia. Nilikosa kwa njia mpya.

Mjomba alipofariki, Mungu amrehemu, ofisi ilifungwa, nami nikapata kazi Mlowo, kwenye chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Mlowo mnaijua, barabara kuu imepita katikati na kila mtu anauza kitu. Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya ghala, na nilipewa kiti pamoja na Bi Neema, binti kutoka Galula aliyekuwa na umri wa mwanangu wa pili. Yeye alisomea kompyuta chuoni. Mimi nilisomea kwenye kitabu kisicho na mwanzo. Alinisalimia shikamoo kila asubuhi, kisha akanifundisha kazi mpaka jioni, na heshima yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba wakati mwingine sikutambua kuwa nimekaripiwa.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuacha. Kabla ya kufuta chochote kwenye orodha ya watu, aliiomba kwanza mashine imwonyeshe mistari yote yenye kipande kile, akaichapa, kisha akaisoma kwa sauti mbele ya mtu anayewafahamu watu wenyewe.

"Kwa nini kwa sauti?" nilimuuliza.

"Baba, jicho linazoea. Sikio likisikia jina la jirani linashtuka."

Niliona ni utaratibu mzuri kwa watu wasio na uzoefu.

Sasa orodha yetu ilikuwa na jambo moja. Mwanachama akifariki, karani aliandika MAREHEMU mbele ya jina lake na kuliacha jina palepale. Sababu ilikuwa kwamba kanuni ya chama ilisema mwanachama aliye hai aje mwenyewe kuchukua anachogawiwa, ila nafasi ya aliyefariki inashikwa na mjane wake au watoto wa nyumba ile. Mtunza stoo hakuwa na kitabu cha kanuni. Alitazama neno hilo tu. Likiwepo, mjane anaweka saini na kuchukua. Lisipokuwepo, anamtaka mwenye jina.

Mwenyekiti wetu, Mzee Nzunda, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa na mtani wangu mkubwa katika mambo ya dini, akaagiza kadi mpya za wanachama. Kadi zilikuwa nzuri, ngumu, za manjano, lakini nafasi ya jina ilikuwa ya herufi ishirini na nne na si zaidi. Tukafanya jaribio. MAREHEMU YOHANA SETI MWAZEMBE akatokea MAREHEMU YOHANA SETI MWA.

Mzee Nzunda akaishika kadi mbali na macho. "Shehe, huyu MWA ni wa ukoo gani?"

"Ni Mwazembe. Ameishiwa nafasi."

"Mtu amefariki, na bado tunambana nafasi. Zinachapwa Jumatatu. Tafuta njia."

Njia ilikuwa wazi. Nikilitoa neno MAREHEMU, jina linaenea lote. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Bi Neema alikuwa ameondoka asubuhi kwa pikipiki kwenda Galula kumwangalia mama yake mgonjwa, na maneno yake ya mwisho mlangoni yalikuwa, "Baba, ukigusa majina, chapa kwanza usome." Nikasema sawa. Utepe wa printa ulikuwa umechoka, ukurasa mmoja ulichukua muda wa kunywa chai, na swala ya Ijumaa ilikuwa inakaribia. Nikajiambia nitasoma nikirudi. Watu wengi huacha ibada kwa sababu ya kazi. Mimi niliharibu kazi nikasingizia ibada, na sijui mbele ya Mungu lipi lina uzito zaidi.

Nikaandika mstari wangu. Kitafute MAREHEMU, weka utupu. Nikabonyeza.

Sikuweka ile nafasi inayofuata neno. Kwa hiyo neno lilitoka, nafasi ikabaki mwanzoni mwa jina. Na mashine inapopanga majina kwa alfabeti, nafasi tupu hutangulia hata A. Nilipoifungua orodha nikawakuta marehemu wote wamesimama juu kabisa, mstari mmoja, wametangulia mbele yetu kama walivyotutangulia kweli, kila mmoja amesogea kidogo kulia. Ungeweza kuwahesabu kwa kidole.

Mtu mwenye akili angeona hapo ndipo rehema ya Mungu ilipo: neno nimelifuta, lakini alama yake ipo. Mimi niliona uchafu. Nikaandika mstari wa pili wa kuondoa nafasi zote za mwanzoni mwa majina. Wote wakashuka, wakaingia katikati ya walio hai, wakapotea. Orodha ikapendeza. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, nikainakili juu ya ile ya zamani kwenye disketi yetu pekee ya akiba. Nikafunga ofisi, nikaenda msikitini, nikamwomba Mwenyezi Mungu anizidishie maarifa.

Majuma mawili yalipita kwa amani. Kadi zikachapwa, watu wakazisifu. Halafu ikaja miche.

Ilikuwa miche mipya ya kahawa, ya aina inayohimili ugonjwa, nayo ilikuwa michache. Kila mwanachama fungu moja. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, na miche ilikuwa imesimama ghalani kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea, ikianza kukunja majani. Asubuhi ya Jumanne nilikuwa dirishani kwangu nikasikia maneno kwenye mlango wa stoo. Mama Anyesi, mjane wa yule Yohana Mwazembe, alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwao mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mtunza stoo, Ambonisye, alikuwa jirani yake.

"Mwenye kadi yuko wapi?" Ambonisye aliuliza.

"Mwenye kadi ni mume wangu."

"Basi aje yeye."

"Ambonisye, wewe si ulichimba?"

"Nilichimba nini, mama?"

"Kaburi lake. Na matangani ulikula sahani mbili."

"Mama, najua. Lakini mimi nafuata orodha. Zamani hapa paliandikwa marehemu. Sasa hapajaandikwa. Ofisini watakuwa wameona kitu."

"Wameona nini? Amewapitia?"

Wakinamama waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi sikucheka.

Ningekwenda pale pale nikasema nimekosa, mambo yangeishia hapo. Nikatoka, lakini nilipofika mlangoni nilimkuta mtu mwingine amefika. Alikuwa mdogo wa marehemu, baba mmoja. Jina lake la kuzaliwa ni Lameki. Ila katika koo zao kuna desturi ya kurithi jina: msiba ukiisha, ukoo unakaa, unamchagua mtu na kumpa jina la aliyefariki, na tangu siku hiyo anaitwa hivyo, na anapoitwa ndiye anayeitika. Lameki alikuwa amepewa jina la kaka yake mbele ya watu wote. Kwa miaka miwili kijiji kizima kilimwita Yohana. Na kwa kuwa baba yao ni mmoja, Seti, jina lake kamili lilikuwa Yohana Seti Mwazembe, herufi kwa herufi.

"Jina hilo ni langu," alimwambia Ambonisye, bila ukali. "Uliza yeyote hapa ninaitwa nani."

Hakuna aliyeweza kusema si kweli. Ambonisye mwenyewe alikuwa amemsalimia kwa jina hilo dakika moja kabla.

"Shemeji," Mama Anyesi alisema, "umerithi jina. Mikahawa hukurithi."

"Shemeji, orodha sikuiandika mimi. Kahawa yangu imekufa yote kwa ugonjwa, unajua. Kama chama kimeniita, niitike nini?"

Hapo nikaelewa nilichofanya. Lile neno nililoliona linabana kadi ndilo pekee lililowatenganisha watu wawili. Likiwepo, nafasi ni ya mjane na watoto wake wanne. Likiondoka, mwenye jina aliye hai anakuwa mwanachama, anachukua miche, na kwa kanuni ya chama anayechukua miche ndiye anayeandikwa mwenye shamba la jina lile. Mama Anyesi alikuwa anapoteza shamba akiwa amesimama kwenye foleni, na aliyempokonya alikuwa mimi, mtu wa madrasa, niliyekaa na kadi yenye jina la mume wake mkononi nikaona kilichozidi ni neno la kumtakia rehema.

Mzee Nzunda akaamua miche ya jina lile ikae pembeni hadi mkutano wa Jumamosi. Nami nikarudi ofisini kurudisha maneno yangu.

Vijana, kufuta kipande ni mstari mmoja. Kukirudisha ni jambo lingine, maana ukiiambia mashine iandike MAREHEMU, itakuuliza: mbele ya nani? Haijui nani amekufa. Iliwahi kujua, ukaisahaulisha.

Bi Neema aliporudi Jumatano, baada ya majuma zaidi ya mawili ya kumuuguza mama yake, nilimweleza nikitazama sakafu.

"Sawa baba. Nafasi za mwanzoni zipo? Tutawajua kwa hizo."

"Nilizisafisha."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa hazipendezi."

"Disketi?"

"Nayo nimeisafisha."

"Orodha zilizochapwa zamani?"

Hizo nilikuwa nimempa mama muuza vitumbua wa mbele ya ofisi afungie. Nilikuwa nimejisifu kwamba sitaki karatasi ziharibike bure.

"Baba," Bi Neema alisema kwa upole, "umefanya kazi safi sana." Kisha akatoka nje kupunga upepo.

Alhamisi nikakodi pikipiki kwenda vijijini na orodha yangu, niulize mmojammoja. Nyumba ya kwanza nilimkuta mzee anapasua kuni. Nikasalimia, nikakaa, nikasema kwa adabu zote, "Samahani mzee wangu, natafuta habari za Eliya Mgala. Je, bado yuko hai?"

Akaweka shoka chini. "Nani amekwambia sipo?"

Mkewe akatokea jikoni akifuta mikono. "Mwache baba wa watu, anauliza vizuri. Hata mimi asubuhi kabla hujaamka huwa najiuliza."

Nilimaliza vijiji viwili kwa siku nzima, na kwenye kimoja nilikaribishwa chai mara saba kwa sababu walidhani nimeleta habari ya msiba na ninashindwa kuisema. Kwa mwendo ule ningemaliza miche ikiwa kuni. Ijumaa Bi Neema akaniambia, "Baba, tusizunguke. Kesho watakuwa wote ghalani. Soma kwa sauti."

Usiku huo sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kusoma. Nilijua kabla ya kusoma lazima niseme kwa nini tunasoma.

Jumamosi ghala lilijaa. Watu walikaa juu ya magunia, wengine mlangoni. Mama Anyesi alikaa mbele na kanga ya msiba iliyoanza kupauka. Lameki, au niseme Yohana, alikuwa ameegemea nguzo upande wa pili, na viriba vyenyewe vilikuwa kati yao, vimefungwa kwa kamba. Mzee Nzunda alifungua kwa sala, nami nikainua mikono kwa namna yangu, kisha akasema, "Ndugu zangu, orodha imetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haina ndugu wala shemeji. Haikosei."

Nikasimama. "Mwenyekiti, kompyuta haijakosea. Nimekosea mimi. Wote walioandikwa marehemu niliwafuta neno hilo ili majina yaenee kwenye kadi. Sikuchapa, sikusoma, na nilipoachiwa njia ya kurekebisha nikaifuta pia. Naomba msamaha kwenu na kwa wajane. Naomba tuwasome wote upya, na kwa kila aliyefariki mtu wa nyumba yake aseme."

Mzee Nzunda akanigeukia. "Kwa hiyo Shehe," akasema, "sisi tunahubiri ufufuo miaka yote hii, na wewe umeufanya Ijumaa kabla ya chakula."

Ghala zima likaangua kicheko, na ninamshukuru hadi leo, kwa sababu baada ya kicheko kile hakuna aliyekuwa na hasira ya kunitosha. Nikaanza kusoma.

Nikisoma jina, mtu alijibu "nipo," au sauti nyingine ilijibu "marehemu," nami nikaweka alama kwa kalamu ya risasi. Mwanzoni watu walitania. Eliya Mgala alijibu "nipo" mara mbili, mara ya pili akinitazama mimi. Baadaye utani ukapungua wenyewe. Majina ya marehemu yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani. Mtoto alijibia baba, bibi alijibia mwanawe. Ndipo nikaelewa maana ya sikio kushtuka. Nilikuwa nimewapangusa watu wote hawa kwa kidole kimoja nikaona orodha inapendeza.

Nikafika kwenye M.

"Yohana Seti Mwazembe."

Mama Anyesi aliinamisha kichwa. Kwa desturi yao jina likiitwa, aliyelirithi ndiye mwenye haki ya kuitika, na mjane hawezi kumtangulia. Ghala zima lilijua, kwa hiyo ghala zima likamtazama Lameki. Akisema nipo, imekwisha: chama kimeita na mwenye jina ameitika mbele ya mashahidi.

Akatoka kwenye nguzo, akavua kofia.

"Shehe," akasema, "unamwita yupi?"

Nikaitazama karatasi. Ilikuwa na maneno matatu tu, na hayakunisaidia.

"Namwita aliyejiunga na chama," nikasema. "Yule aliyepanda mikahawa ile."

Akaitazama miche. "Kupanda tulipanda wote. Yeye alishika kamba, mimi nikachimba mashimo. Alinisumbua sana siku ile, kila shimo anasema limepinda." Akaigeuza kofia mikononi. Majani ya miche iliyo karibu naye yalikuwa yamejikunja kama vidole. Nadhani aliwaza shamba lake lililokufa. Mimi ningewaza hilo. "Lakini aliyejiunga ni yeye."

Akanyoosha kidole kwenye karatasi yangu.

"Huyo ni marehemu," akasema. "Andika." Akaenda kukaa.

Nikaandika. Sikuweka alama kama kwa wengine, nililiandika neno zima, polepole.

Jumatatu yake mimi na Bi Neema tulifanya lile tulilopaswa kufanya mwanzo. Tuliongeza safu mpya kwenye orodha, pembeni ya jina, ya kuonyesha kama mwanachama yu hai au amefariki. Mkisahau yote niliyowaambia, hili libebeni: hali ya mtu msiitie ndani ya jina lake. Ipeni mahali pake, ili siku mtu mvivu kama mimi atakapokuja kupunguza herufi, asimguse mtu mwenyewe. Na kabla ya kuandika ule mstari mmoja, wekeni nakala mahali ambapo nyinyi wenyewe hamwezi kuifikia kwa urahisi. Adui wa orodha zangu zote alikuwa na funguo za ofisi yangu.

Lakini nirudi ghalani, sijamaliza. Mkutano ulipofungwa Mama Anyesi alikuja kuweka saini. Aliiweka taratibu, akaijaribu kamba ya viriba kama imekaza, kisha akageuka kwa shemeji yake aliyekuwa anataka kutoka kimyakimya.

"Yohana."

Akasimama.

"Kesho kutwa njoo na jembe. Mashimo utachimba wewe tena. Mistari miwili ya mwisho, upande wa mgomba, utavuna wewe."

"Yatapinda, shemeji."

"Yapinde."

Akamwomba mmoja wa wanawake amsaidie kujitwika. Mzigo ulipotulia kichwani akanitazama kwa jicho la pembeni, shingo haigeuki. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, na nilikuwa nimeweka maneno ya kuomba radhi tayari.

"Na wewe Shehe," akasema, "mume wangu alikuwa mtu wa kupenda usingizi. Usimwamshe tena."

Nikamwahidi.